Niliwadanganya vijana wenye mapanga, kisha nikawadanganya kina mama wa kanisa

SWALI

Mama, Bwana asifiwe.

Ninakuandikia kutoka upande wa Malindi, na naomba usitaje kijiji. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Nimeokoka tangu usichana wangu na ni mmoja wa kina mama wa kanisa letu. Nina jambo limenikaa moyoni hata Meza ya Bwana sishiriki tena. Ikifika saa ya ushirika natafuta kisingizio cha kutoka nje na mtoto.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni kaka yake mkubwa, ambaye sasa ni mzee sana, mvi kichwa kizima. Mwaka huu mtoto mmoja wa ukoo wetu alifariki ghafla, na baada ya matanga vijana wakaanza kusema ni baba mkubwa aliyemroga. Hakuna asiyejua kwamba mzee ana shamba la mikorosho na minazi ambalo amekataa kuuza, na kwamba kuna mnunuzi ameshakuja kulipima. Wanaosema mzee ni mchawi ndio wale wale waliompeleka mnunuzi shambani.

Usiku mmoja mzee alikuja kwangu kwa miguu, hana viatu, akaniambia ameonywa kwamba asubuhi haitamkuta. Mume wangu alikuwa Mombasa kwa kazi. Nilimpandisha darini jikoni nikamfunika kwa makuti na magunia ya mahindi. Sijamaliza hata kujifuta vumbi, nikasikia hodi. Walikuwa vijana wengi, wengine na mapanga, na mmoja wao ni mtoto wa baba yangu mdogo ambaye nimembeba mgongoni. Akaniuliza, "Dada, mzee yuko wapi?" Nikamwambia, "Alipita hapa jioni, nikampa nauli, ameshapanda matatu kwenda Mombasa kwa binti yake." Nilisema bila kutetemeka. Nikaongeza kwamba wakikimbia huenda wakamkuta stendi. Wakawasha pikipiki wakaenda.

Alfajiri nilimtoa, na sasa yuko mahali ambapo sitapaandika.

Ningeishia hapo pengine nisingekuandikia. Mume wangu aliporudi nilimwambia yale yale ya Mombasa, kwa sababu yeye na wale vijana hukaa pamoja mangweni, na akishakunywa hana siri. Naye akawathibitishia. Basi wakatafuta nambari ya yule binti wa mzee, wakampigia wakamtisha kwamba watamfuata. Dada yule amehama nyumba na mpaka leo hajui ni nani aliyemtaja.

Tena kuna chakula cha mzee, kodi ya chumba na dawa zake za presha. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, hazitoshi. Siku moja katika kikundi cha kina mama nilisimama nikasema binti yangu mdogo amepungukiwa damu na anatakiwa hospitali. Wakanichangia. Mama mmoja mjane, ambaye kwake kukosa ni jambo la kila siku, aliuza kuku wake akaniletea mia tano mkononi. Juma lililofuata wakaja nyumbani kumwombea mtoto. Nilimwambia mtoto alale, ajifunike, asiseme kitu. Ana miaka tisa. Wakamwekea mikono kichwani wakaomba kwa machozi, naye amefumba macho.

Jumapili iliyopita mahubiri yalikuwa Ufunuo 21:8, kwamba "waongo wote" sehemu yao ni katika lile ziwa liwakalo moto na kiberiti. Mhubiri alilirudia lile neno "wote". Nilimwuliza mzee mmoja wa kanisa kwa kuzungukazunguka, akasema Mkristo angesema kweli na kumwachia Mungu mengine. Rafiki yangu anayejua habari yote anasema Mungu huangalia nia, na kwa kuwa yote niliyafanya kwa ajili ya kuokoa roho ya mtu, niwe na amani. Amani sina.

Je, nilitenda dhambi? Ni ipi? Niwaendee wale vijana niwaambie ukweli?

Mwenye mzigo, Malindi


JIBU

Mwanangu, Amina, asifiwe.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Usiende kwa wale vijana. Usiwaambie kweli, usiwaambie nusu ya kweli, wala usiwatumie salamu za kuomba radhi. Toba isiyompa mzee usalama wake ni toba inayolipwa kwa damu ya mtu mwingine.

Wasomaji wengine wajue kwamba katika barua hii nimebadilisha mambo kadhaa ili mzee asitambulike. Nalisema wazi ili asiwepo atakayekwenda kutafuta nyumba yenye dari ya makuti.

Tuingie katika neno lenyewe. Umeandikiwa moyoni aya moja, Ufunuo 21:8, na nakuomba uisome tangu mwanzo wake. Kabla ya kufika kwa waongo, aya ile inawataja waoga, tena kwanza kabisa, na inawataja wauaji. Wachawi nao wamo, na najua kuna watakaoirukia hapo. Lakini torati ile ile inayokataza uchawi inasema katika Kumbukumbu la Torati 19 kwamba neno halithibitiki kwa shahidi mmoja, na kwamba shahidi wa uongo atendewe lile alilokusudia kumtendea ndugu yake. Kifo cha mtoto na mvi za mzee si mashahidi. Sisi watu wa Kilifi tumezika wazee wengi kwa ushahidi wa namna hii, na viongozi wetu wa dini na wa serikali wamesema mara kwa mara kwamba ukichimba chini ya tuhuma hizi unalikuta shamba. Amri ya tisa katika Kutoka 20:16 inasema, "Usimshuhudie jirani yako uongo." Katika kisa chako walioivunja kwanza, na wakaivunja wazi kabisa, ni wale waliosimama matangani wakasema mzee ameua.

Hilo halikuondolei swali lako, kwa maana Maandiko yanachukia uongo kwa upana kuliko mahakama. Mithali 12:22 inasema midomo ya uongo ni chukizo kwa BWANA. Wakolosai 3:9 inasema msiambiane uongo. Bwana Yesu mwenyewe anamwita Ibilisi baba wa uongo. Mzee wako wa kanisa hakujitungia msimamo wake, na sitaki umdharau.

Yuko kwenye njia ya zamani sana. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ya sasa ya Algeria, aliandika kuhusu jambo hili hili mara mbili, karibu na mwaka 395 na tena yapata miaka 25 baadaye, na mara zote mbili alikataa kila uongo, hata ule wa kuokoa maisha. Anamsifu Firmus, askofu wa Thagaste, aliyemficha mtu aliyetafutwa na maafisa wa kaisari. Walipomwuliza alijibu kwamba hawezi kusema uongo na hawezi kumtoa mtu. Wakamtesa, hakusema. Alipofikishwa mbele ya kaisari, uthabiti wake ulimgusa hata yule mtu akasamehewa. Kisa hiki nakipenda, na ningetamani kila Mkristo akijue, kwa sababu kinaonyesha kwamba kati ya kudanganya na kusaliti upo mlango wa tatu ambao wengi wetu hatuujaribu: kunyamaza na kubeba gharama mwenyewe.

Lakini tazama tofauti. Firmus aliweka mwili wake mwenyewe rehani. Wewe ungesema usiku ule "siwezi kusema," vijana wasingekutesa kwa siku kadhaa wakingoja huruma ya kaisari. Wangeingia jikoni. Kimya chako kingekuwa kidole kinachoonyesha darini. Hapo kunyamaza na kusaliti ni kitu kimoja, na ule mlango wa tatu haupo.

Na Biblia inawajua wanawake waliosimama pale uliposimama. Wakunga wawili, Shifra na Pua, waliamriwa na Farao kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania. Walimcha Mungu, hawakuua, na walipoulizwa wakampa Farao jibu la kumpoteza. Kutoka 1 inasema Mungu akawatendea mema, akawajalia nyumba. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani, akawaambia watu wa mfalme kwamba wageni wametoka wakati wa kufunga lango, wafuateni upesi. Mwanangu, hata ile "wakikimbia huenda wakamkuta stendi" yako imo katika Yoshua 2! Na yuko mama mmoja wa Bahurimu asiyetajwa hata jina, katika 2 Samweli 17, aliyetandaza kifuniko juu ya mdomo wa kisima, akaanika nafaka juu yake, na wajumbe wa Daudi wamo ndani. Akawaambia watafutaji kwamba wamekwisha vuka kijito.

Waebrania 11:31 na Yakobo 2:25 zinamsifu Rahabu. Wanaofuata njia ya Agostino husema kilichosifiwa ni imani na ukarimu wake, na uongo alisamehewa tu. Nimesoma hoja hiyo kwa makini na siwezi kuipokea yote. Yakobo anasifu kuwapokea wajumbe na kuwatoa kwa njia nyingine. Sasa, utampokeaje mtu anayewindwa, umfiche darini, kisha umtaje mlangoni? Kuficha kwenyewe ni kumfanya mwindaji aamini lisilokuwapo. Ukikubali kufunika kwa makuti umeshakubali lile neno la mlangoni. Ni tendo moja.

Waefeso 4:25 inatuambia kwa nini tuseme kweli, kila mtu na jirani yake: "kwa kuwa tu viungo, kila mmoja kiungo cha wenzake." Ukweli ni deni la viungo, ni kitu tunachopeana ili mwili uishi. Mtu aliyekuja usiku na panga kukata kiungo kimoja amejitoa mwenyewe katika deni hilo kwa saa ile. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambayo inashikilia kwamba uongo ni mbaya kwa asili yake, inasema katika kifungu cha 2489 kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua.

Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kulijadili hili kama fumbo la darasani. Mwaka 1994 nchini Rwanda, watu waligongewa milango na kuulizwa ni nani yumo ndani. Wako waliojibu "hakuna mtu" huku chumba cha nyuma kimejaa. Na wako watumishi wa kanisa waliohukumiwa baadaye na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Hakuna hata mmoja wao aliyehukumiwa kwa kuwadanganya wauaji. Walihukumiwa kwa kuwasaidia.

Kwa hiyo jibu langu juu ya usiku ule ni hili: sikuhesabii dhambi. Nasema hivyo si kwa sababu mzee alipona. Hata wangemkuta, neno lako lingekuwa lile lile na hukumu yangu ingekuwa hii hii. Huzuni unayoisikia ukimkumbuka yule kijana uliyembeba mgongoni ni huzuni halali, iache ikae. Huzuni si hatia.

Lakini sasa sikiliza, maana rafiki yako amekudanganya kwa wema, na hapa ndipo penye mzigo wako. Anasema nia ndiyo inayoangaliwa, na kwa kuwa yote yalikuwa kwa ajili ya mzee, yote ni sawa. Paulo alisingiziwa fundisho hilo hilo, "Na tufanye mabaya, ili yaje mema," na katika Warumi 3:8 akasema wanaolishika wanahukumiwa kwa haki. Nia njema haiwezi kuwa ufunguo unaofungua kila mlango. Sisi wa Malindi tungepaswa kulijua hili kuliko Wakristo wengine wote nchini. Tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, watu walioitwa humo kwa jina la Mungu. Tukishakubali kwamba neno "kwa ajili ya Mungu" linatosha kuhalalisha tunachowaambia watu, hatujui tena tutasimama wapi.

Uongo wako wa mlangoni ulikuwa na mpaka: wauaji, usiku ule, mzee mmoja. Ule uliofuata haukuwa na mpaka. Pima hivi: huyu niliyemdanganya angeufanyia nini ukweli? Vijana wangeua. Kina mama je? Wangekuchangia. Pengine wangekuchangia zaidi. Yule mjane aliyeuza kuku kwa ajili ya damu ya mtoto, unadhani angemnyima mzee anayewindwa dawa ya presha? Ulimnyang'anya nafasi ya kumsaidia mtu halisi, ukampa mgonjwa wa kubuni.

Najua utasema mmoja wa kina mama wale huenda ni mama wa mmoja wa vijana. Hofu hiyo ni ya kweli na naiheshimu. Lakini hapo mlango wa tatu ulikuwapo, wazi kabisa. Katika 1 Samweli 16, Samweli anaogopa kwenda kumtia Daudi mafuta kwa kuwa Sauli atamwua, na BWANA anamwambia achukue ndama aende kutoa dhabihu. Alitoa dhabihu kweli. Hakusema yote, wala hakusema la uongo. Ungeweza kusimama ukasema, "Kina mama, nina shida kubwa ya kifamilia, nahitaji msaada, na kwa sasa siwezi kueleza." Kina mama wa kanisa wanaijua lugha hiyo. Wangetoa, kila mtu akijua anachotoa na asichokijua.

Kisa cha Anania na Safira katika Matendo 5 hutumiwa kutisha watu wasiotoa. Soma maneno ya Petro: shamba lilikuwa lao, na hata lilipouzwa fedha ilikuwa katika uwezo wao. Kosa lilikuwa kuleta fedha mbele ya ndugu pamoja na hadithi ya uongo. Wewe ulipokea badala ya kutoa, ila hadithi ndiyo ile. Hii ni dhambi, mwanangu, na hii ndiyo inayokutoa nje wakati wa ushirika. Ukiendelea kuomba msamaha kwa ajili ya usiku wa mapanga hutapata amani, kwa sababu unaleta kosa lisilokuwepo na kuficha lililopo.

Na mtoto. Hapa naomba ukae chini kwanza. Mtoto wa miaka tisa amelala chini ya mikono ya watu wazima wanaolia mbele za Mungu, naye anajua haumwi. Hakuna anayejua yeye amejifunza nini siku ile juu ya maombi, juu ya machozi ya wakubwa, juu ya mama yake. Huenda anadhani Mungu naye alidanganyika. Huenda anaogopa kwamba sasa ataugua kweli, maana watoto wetu hulelewa wakisikia kwamba ukijitakia ugonjwa utakupata. Ulimtumia. Nasema kwa upole lakini sitalipunguza neno. Mzee ulimficha kwa mikono yako, hatari ikiwa juu ya kichwa chako mwenyewe. Hili lingine ulimtwika mtoto.

Mume wako ni habari tofauti kidogo. Sitakwambia kwamba ni lazima umweleze kila kitu leo, ikiwa ni kweli kwamba akinywa hana siri. Lakini soma 1 Samweli 21 na 22. Daudi akimkimbia Sauli alifika kwa kuhani Ahimeleki, akamdanganya kwamba ametumwa na mfalme kwa siri. Alikuwa na sababu nzuri, alikuwa akiokoa roho yake. Ahimeleki akampa mikate na upanga akidhani anamsaidia mtumishi wa mfalme. Sauli alipojua, aliamuru wauawe makuhani 85 kwa siku moja, na mji wa Nobu ukapigwa kwa makali ya upanga. Daudi hakusema "nia yangu ilikuwa njema." Alimwambia mwana wa Ahimeleki kwamba yeye ndiye aliyewaletea mauti watu wa nyumba ya baba yake. Ahimeleki angeambiwa kweli angeweza kuchagua: kusaidia akijua hatari, au kukataa. Uongo wa Daudi ulimweka hatarini macho yamefungwa.

Ndivyo ulivyomweka yule dada wa Mombasa. Usiku ule, kwa mshtuko, ulitaja jina la kwanza lililokujia, na sikulaumu. Lakini asubuhi ulikuwa na simu mkononi, na hukumpigia kumwambia, "Dada, nimekutaja, jihadhari." Badala yake ulimwambia mume yale yale, naye akayapeleka mangweni bila kujua anabeba nini.

Basi fanya hivi, na ufuate mpango huu kama nilivyoupanga.

Anza na mtoto, leo, mkiwa wawili tu. Mwambie hakukosea. Mwambie wewe ndiye uliyekosea kumtaka ajifanye mgonjwa, na kwamba hatakuwa mgonjwa kwa sababu hiyo. Usimwambie alipo mzee. Mtoto hastahili kubeba siri ambayo mtu mwenye panga anaweza kuitafuta.

Kisha mpigie dada wa Mombasa. Yeye ana haki ya kujua kwamba ulimtaja, na ana haki ya kusikia kwamba baba yake yu hai. Mahali alipo usimwambie kwa simu.

Kisha mwendee yule mjane nyumbani kwake, kabla ya kina mama wengine. Mwambie mtoto hakuwa mgonjwa, fedha ilimlisha mtu aliye hatarini, na ulimdanganya. Mpelekee mia tano yake. Akiikataa, ni hiari yake, lakini uwe nayo mkononi. Kwa kikundi chote, nenda kwanza kwa kiongozi wao au kwa mchungaji, yeyote unayemwamini kinywa chake, umwombe mpange pamoja namna ya kuungama lile la fedha bila kumfichua mzee. Inawezekana. "Mtoto wangu hakuwa mgonjwa, niliwadanganya, fedha ilikwenda kwa shida nyingine ya kifamilia ambayo siwezi kuieleza, nitairudisha kidogo kidogo." Watakuwepo watakaokusema. Vumilia. Ukishafanya hivyo rudi Mezani.

Mume wako mwambie angalau hivi: "Habari ya Mombasa haikuwa kweli, usiirudie kwa mtu yeyote, na sababu nitakueleza tukishafika kwa polisi." Atakasirika, lakini atakuwa amesikia kweli.

Kwa maana polisi lazima ufike. Watu wa Pwani tunayo historia ya kuficha watu. Katika karne ya 19 watumwa waliotoroka mashamba ya Malindi, Takaungu na kwingineko walikimbilia vituo vya misheni kama Rabai, ingawa wamisionari walikuwa wametakiwa wasiwapokee. Kufikia 1888 walikutwa watoro wapatao 1,400 katika vituo hivyo. Wangeweza kuishi mafichoni mpaka lini? George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala Pwani wakati ule alikubaliana na mabwana zao walipwe, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Kuficha kuliwaokoa. Karatasi ndizo zilizowafanya watembee mchana.

Mzee wako naye anahitaji karatasi. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925 na ingali inatumika, inamhesabia kosa la jinai mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi nje ya mamlaka za serikali, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano. Kutishia kuua ni kosa lingine zito zaidi. Ikiwa unaogopa habari zitarudi kijijini, usianzie kijijini. Nenda kituo cha polisi mjini ukiwa na mchungaji au mwanasheria, toa maelezo, na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Huko usiseme hata neno moja lisilo kweli, kwa sababu kumpa afisa wa serikali habari ya uongo ni kosa, na kwa sababu hapo hatimaye uko mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kuutumia ukweli kumlinda mzee. Swali usiloweza kulijibu kwa usalama, kama mahali alipo, sema utalijibu mbele ya mkubwa wa kituo peke yake.

Uliza pia kuhusu Kaya Godoma kule Ganze, ambako wazee waliosingiziwa uchawi wamekuwa wakipewa hifadhi. Huko mzee atakaa na wenzake, hutalipa kodi ya chumba kwa mahamri, na atapata watu wa kumsemea juu ya shamba lake. Na ukiona kituoni hawachukui hatua, chukua ile nambari ya OB uende nayo ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, uombe barua yako ipokewe na kupigwa mhuri, nakala ubaki nayo.